Kidole cha Guka

Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba kidole gumba changu cha kulia hakikuwa changu. Kilikuwa cha babu yangu, aliyekufa na kuzikwa kijijini kwetu Witeithie mimi mwenyewe nikiona. Niliamini pia kwamba siku nitakayopata kitambulisho, nikikibandika kidole hicho kwenye karatasi za ofisi ya ardhi, ekari mbili na nusu za shamba zitaamka, zitajipangusa vumbi na kuniita bwana. Usinicheke. Au wewe cheka tu, lakini ujue hilo sikulitunga mimi mtoto. Niliambiwa na watu wazima wenye akili zao na meno yao yote, waliopiga kura na kuimba kanisani kila Jumapili.

Siku hizi nafanya kazi kwenye godauni moja pale Ruiru, kazi ya kupiga muhuri karatasi za mizigo. Napiga karatasi elfu kumi kwa siku. Sawa, ni kama mia mbili, lakini mkono wangu huhesabu elfu kumi. Kila asubuhi nikifungua ile pedi ya wino, harufu yake, kama mafuta ya taa yaliyotiwa dawa ya kikohozi, inanigonga puani. Papo hapo nina miaka minane, nimekalishwa kwenye kigoda cha marehemu, na watu wazima wamenishika mkono kama kondoo anayesubiri kisu. Wenzangu hudhani nakunja uso kwa uchovu. Uchovu gani? Ni hasira, tena hasira ya zamani, ambayo nimeilisha vizuri mpaka ikanenepa.

Guka, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alikuwa Njoroge wa Kariuki. Sisi Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kwa hivyo Guka alimpa mwanawe wa kwanza jina la Kariuki. Kariuki huyo ndiye baba yangu, na mimi nilipozaliwa akanipa jina la Guka. Hesabu mwenyewe: mimi pia ni Njoroge wa Kariuki, herufi kwa herufi. Na kwetu jina si kibandiko cha chupa. Aliyepewa jina ni yule yule amerudi, na watu humchukulia hivyo bila hata kutabasamu.

Cucu, nyanya yangu, aliniita mũthuri wakwa, yaani mume wangu. Mume mwenye kamasi mpaka kidevuni. Chai ikiiva, mimi na Guka ndio tuliomiminiwa kwanza, tukipokezana kikombe kimoja kikubwa cha bati, cha kijani, kilichobanduka rangi mdomoni. Nikikataa kuoga, Cucu aliniuliza kama hivyo ndivyo nilivyokuwa nikinuka nilipokwenda kumposa. Tata Wambui, dada yake baba, akija kutoka Thika alilazimika kuniita baba, na mimi nilimjibu, "Uko salama, mwanangu?" huku kaptura yangu imetoboka matakoni matundu mawili, moja la kila upande. Enyewe, nani angetaka kuwa mtoto wa kawaida?

Wazazi wangu walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Kimbo, chumba kidogo ambacho ukilala ukanyoosha miguu unabisha mlango wa jirani. Baba alifanya kazi kiwandani, Mama aliuza mboga pale stejini. Kwa hivyo nililelewa Witeithie tangu nilipoacha kunyonya, na kwangu mimi nyumbani kulikuwa pale: moshi wa kuni za miti ya kahawa, kuku chini ya meza, na Cucu akiongea na ng'ombe kwa sauti ya kuomba msamaha.

Guka hakusoma. Alichuma na kupogoa kahawa za wenyewe maisha yake yote, na kidole gumba chake kilikuwa kipana kama mwiko, kina kovu la shoka lililopita katikati kama barabara. Kwa kidole hicho alitia sahihi kila kitu duniani. Hata ripoti yangu ya darasa la kwanza aliibandika kidole cha wino, mwalimu akaitundika ukutani. Karatasi zake za maana alizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: cheti cha hisa cha kile kikundi ambacho yeye na wenzake walinunulia mashamba, chenye alama ya zambarau ya kidole chake, pamoja na hati ya shamba, ile title. Humo humo Cucu aliweka kitambaa chake cha kichwani, kile cha bluu cha akina mama wa kanisa, amekikunja mara nne na vidonge vya kufukuza mende. Naomba ukikumbuke hicho kitambaa. Watu wote wa ukoo wangu walikisahau.

Guka alikufa nikiwa na miaka saba, akiwa ameketi, kikombe mkononi, bila kumwaga hata tone. Hakuwa mtu wa kuharibu chai.

Shida ilianza siku ya kung'oa hema za matanga. Wakati huo barabara kubwa ilikuwa inapanuliwa, na bei ya ardhi ya Witeithie ilipanda kila ukilala ukiamka. Watu walikuwa wamezunguka sufuria za mwisho za githeri, mahindi na maharagwe, na Anko Mbugua, mdogo wake baba, akauliza, "Sasa hii maneno ya title itakuwaje?"

Baba yangu ndiye aliyeniachia mdomo huu nilio nao. Aliushika mkono wangu akauinua juu, kidole gumba kimesimama.

"Title iko na mwenyewe," akasema. "Njoroge wa Kariuki si huyu? Na kidole ndicho hiki. Tungoje tu apate ID."

Watu walicheka mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Cucu alicheka, akanipiga busu kwenye kidole. Nilizunguka boma lote nimekiinua kama kombe la mpira. Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo ni Tata Wambui.

Tata alikuwa na hoteli ndogo Thika, upande wa mto Chania, ya kuwauzia chai na mandazi watu wanaokuja kutazama maporomoko. Mteja wake mmoja alikuwa dalali wa ploti, mwanamume wa koti la suti na gambuti za mpira, mwenye jibu la kila swali aliloulizwa na mengi ambayo hakuulizwa. Tata akamweleza utani wa baba. Dalali, hivi ndivyo Tata mwenyewe alivyosimulia baadaye kwa fahari, alikoroga chai yake mara saba, akasema, "Mama, hiyo inafanyika. Nimeiona na macho. Jina likiwa moja, kidole huwa ni cha jina. Kompyuta ya ofisi inaona tu ni yule mzee."

Kidole huwa ni cha jina! Mtu mzima alitamka hayo, na mtu mzima mwingine akayabeba mpaka Witeithie kama mtoto mchanga, asije akayaangusha. Kufikia Krismasi, Anko Mbugua alikuwa ameyaongezea miguu na mkia. Ati ndiyo sababu Kariuki aliacha mtoto alelewe shambani. Ati nilipandwa pale kama itoka, ile mimea ya majani mapana tunayopanda mipakani, ambayo mtu hathubutu kuing'oa. Ati nikifikisha miaka kumi na minane, baba atanipeleka ofisini asubuhi, na jioni shamba zima litakuwa na ukuta wa mawe na mwarabu ndani yake. Mwarabu alitoka wapi sijui mpaka leo.

Mambo yenyewe yalikuwa rahisi. Chifu anaandika barua ya kuonyesha marehemu ameacha nani: mjane na watoto watatu. Wote wanakubali, karatasi zinakwenda kortini, Cucu anakaa kwenye shamba lake mpaka Mungu amwite, kisha watoto wanagawana. Baba alimwendea chifu akarudi na barua, safi, yenye muhuri. Tata akaichukua, akaisoma mstari wa kwanza, akaigonga kwa ukucha.

"Njoroge Kariuki. Jina la mtoto liko juu kabisa."

"Huyo ni marehemu, Wambui! Barua ni ya marehemu!"

"Nitajuaje ni yupi?"

Akakataa kutia sahihi. Mbugua naye akakataa kwa sababu Wambui amekataa. Baba akakasirika, akasema basi karatasi zikae. Na zikakaa.

Halafu ukaitwa ule mkutano. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Cucu, nami nimeshafika miaka minane. Tata aliingia na mkoba, na kutoka kwenye mkoba akatoa pedi ya wino, karatasi nyeupe za kutosha kupiga chapa gazeti, na kile kioo kidogo ambacho mafundi wa saa hubana jichoni. Alikuwa amekiazima kwa fundi mmoja Thika, akaahidi kukirudisha Jumatatu. Upelelezi wa hali ya juu, rafiki yangu. Kilichokosekana ni ndege ya polisi tu.

"Leo tutajua ukweli," akasema.

"Wambui, huu ni upuzi," baba akamwambia.

"Kama ni upuzi, unaogopa nini?"

Ikawa mtego kwa baba. Akikataa, ana siri. Akikubali, ni mjinga. Alichagua ujinga. Alininyanyua kwa makwapa akaniketisha kwenye kigoda cha Guka, akasema, "Wape kidole, wamalize." Nampenda baba yangu, lakini neno hilo, wape kidole, sijamsamehe.

Tata alikichovya kidole changu kwenye pedi, akakibandika. Akachovya, akabandika. Mara saba, mpaka meza ikajaa Njoroge. Cheti cha hisa kilikuwa kimetolewa sandukuni, kimetandazwa katikati kama maiti. Anko Mbugua akabana kile kioo jichoni, uso umekunjamana upande mmoja, akainama juu ya karatasi kwa muda wa kuchemsha maharagwe.

"Hii imeenda hivi, ikazunguka," akasema. "Na hii pia imeenda hivi, ikazunguka."

"Inafanana ama haifanani?"

"Inafanana."

Mama yangu alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya ukoo wa mumewe, lakini hapo alishindwa. "Na hili kovu la shoka? Kwa mtoto liko wapi?"

Tata hakugeuza hata shingo. "Guka alijikata akiwa na miaka arobaini. Huyu hajafika."

Nimesoma masomo ya jioni miaka minne, nimepata cheti changu cha sekondari nikiwa na ndevu na mtoto, na mpaka leo sijakutana na hoja ngumu kuivunja kama hiyo. Huyu hajafika! Walitikisa vichwa. Walikubali. Cucu pekee alisimama, akaweka mkono kichwani mwangu. "Ngai! Mnamfanyia nini mume wangu?" Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa mali ya mume wake, nyumba yake, meza yake iliyojaa wino, na hakuna aliyemjibu.

Hapa nakuomba unisikilize kwa huruma, kwa sababu kilichofuata nilikifanya mimi. Sikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimefurahi! Watu wazima wote walikuwa wakinitazama kama gavana. Nikainua kidole chenye wino, nikatangaza, "Ndiyo, ni changu. Nikipata ID nitawapa kila mtu kipande. Lakini Tata sitampa hata pa kusimama."

Kuku alitoka chini ya meza, akatutazama, akaondoka.

"Mmesikia?" Tata akasema polepole. "Hayo ni maneno ya mtoto wa miaka minane? Huyo amefundishwa."

Hukumu ilitoka kabla chai haijapoa. Mimi niondoke shambani siku hiyo hiyo, nisilikanyage tena mpaka maneno ya urithi yaishe. Vitu vyote vya marehemu virudishwe sandukuni, na sanduku lifungwe kwa kufuli tatu, ya Kariuki, ya Wambui na ya Mbugua, kila mtu aende na ufunguo wake, lisifunguliwe ila wote watatu wakiwepo. Zikaingia karatasi. Ikaingia kofia ya Guka. Cucu alikuwa amekifunga kile kikombe cha kijani kwenye gazeti ili nikibebe, Tata akamnyang'anya mkononi. "Hii pia ni ya marehemu." Kikaingia. Kufuli zikalia moja, mbili, tatu. Hakuna aliyemuuliza Cucu kama kuna kitu chake humo ndani.

Mama alinisugua kidole Kimbo kwa sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria mpaka kikatoa damu. Alikuwa analia. Nilimwambia asikisugue sana, asije akaharibu sahihi ya Guka. Akaniacha, akatoka nje, akaketi kwenye ndoo.

Kwa miaka minne sikumwona Cucu ila kwa picha. Watoto wengine huogopa mazimwi, mimi niliogopa kwamba nikikanyaga Witeithie atapelekwa kortini kwa sababu yangu, kwa kuwa ndivyo Anko Mbugua alivyomwambia baba kwenye simu, nami nikasikia. Nilipofika miaka kumi na miwili nikachoka kuogopa. Nilidanganya ninakwenda mazoezi ya kwaya, nikashika njia mpaka Witeithie, nikaingilia nyuma, kwenye ua wa michongoma, kama mwizi wa kuku.

Alikuwa jikoni, amekuwa mdogo, kama mtu aliyefuliwa kwa maji moto. Hakushtuka. "Mũthuri wakwa," akasema, "umekonda. Huko mjini hawakupikii?" Akanimiminia chai kwenye kikombe cha plastiki, halafu akaniomba msamaha, mimi mtoto. "Kikombe chako kimefungiwa. Na kitambaa changu pia."

Ndipo nilipojua. Kanisani kwao akina mama wenye kitambaa cha bluu huketi mbele. Asiye nacho huketi nyuma na wageni. Kupata kingine lazima uandikishwe upya na uvishwe mbele ya watu, na Cucu aliona aibu kueleza kwamba chake kiko chini ya kitanda anacholalia, kimefungiwa na watoto aliowazaa. Kwa hivyo alikuwa akiketi benchi la nyuma. Miaka minne, mwanamke aliyekuwa ameimba mbele tangu kabla baba yangu hajaota jino, alikuwa ameketi nyuma pamoja na walevi waliokuja kuomba maombi. Mara mbili aliwaomba wakutane wafungue. Mara ya kwanza Mbugua hakufika. Mara ya pili baba na Tata walianza kutukanana getini, wakarudi walikotoka na funguo zao.

"Sitaki shamba," Cucu akaniambia, akisukuma kuni motoni. "Shamba watakula, waache wale. Siku nikifa, nivalishwe kile kitambaa. Hicho tu ndicho nataka kwa hiyo mali. Wewe ndiye mwenye nyumba hii. Uwaambie."

Nikamwambia nitawaambia. Nilikula viazi vyake sita, nikarudi Kimbo nikisema kwaya ilikuwa nzuri.

Aliaga dunia nikiwa na miaka kumi na mitano. Jioni ya kupanga mazishi, nilisimama mbele yao pale sebuleni, sauti yangu inavunjika, nikasema nilivyotumwa. Cucu avalishwe kitambaa chake cha bluu. Sanduku lifunguliwe. Nilidhani hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote yaliyowahi kuombwa katika nyumba ile.

Baba alitoa ufunguo wake. Tata, na hili lazima niliseme, alitoa wake pia, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Wakamgeukia Mbugua.

"Hapana," Mbugua akasema. "Mnaona hii mbinu? Sanduku likifunguka, title inatoka. Mtoto ametumwa tena."

"Mbugua, ni kitambaa," Tata akasema. "Ni Mama."

"Wewe ndiye uliyetuambia tusiamini mtu."

Baba akaenda kutafuta nyundo. Na nani alimzuia? Tata yule yule, machozi hayajakauka. Ati kuvunja kufuli ni wizi, ati itaharibu kesi ya shamba, iliyokuwa imeshafika kortini. Wakapiga kelele mpaka majirani wakaja kusimama mlangoni. Mbugua akaondoka na ufunguo wake ndani ya soksi. Kesho yake Tata alinunua kitambaa kingine Thika, bluu ya dukani, kali, yenye mikunjo ya pakiti yake. Nilimtazama Cucu ndani ya jeneza amevaa bluu isiyo yake, na cha kwake kiko hatua kumi kutoka pale, chini ya kitanda.

Kaburini, ilipofika zamu ya wajukuu kutupa udongo, Tata alinisogelea akaninong'oneza, "Mikono mfukoni, tafadhali. Watu ni wengi na tuna kitabu cha wageni, usije ukabandika kidole mahali." Tafadhali! Na mimi, kwa kuwa bado niliamini, niliitia mikono mfukoni. Wote walitupa udongo. Mimi nilimzika mke wangu mikono ikiwa mfukoni.

Sasa ukiniuliza, shamba mpaka leo lina jina la Guka. Nyasi zimefika kifuani, na mtu fulani amepanda sukuma wiki upande wa barabara bila kumuuliza yeyote, nami namtakia mavuno mema. Shule yangu iliishia kidato cha pili kwa sababu baba alikuwa na wakili wa kulisha, nikaja kuimalizia ukubwani kwenye masomo ya jioni. Sanduku liko nyumbani kwa Tata, limetandikwa kitambaa cha vikombe, zile kufuli tatu zimeshikana kutu zikawa moja. Anko Mbugua husema alipoteza ufunguo. Tukikutana kwenye harusi tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, tunapeana keki.

Nikiwa mtoto nilidhani wanagombania kidole changu. Nilijilaumu. Nilijiambia kama ningefunga mdomo pale kigodani, Cucu angevaa kitambaa chake. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba kidole walikiokota tu, kama mtu anavyookota jiwe lililo karibu. Kama ningezaliwa bila mikono wangepata sikio. Baba aliwahi kumwambia Tata, kabla Guka hajafa, kwamba msichana aliyeolewa akaachika hana chake nyumbani. Aliyasema hayo akiwa amelewa furaha kwenye sherehe, akayasahau. Tata hakusahau. Alipoona kidole kimeinuliwa na watu wanacheka, aliona mlango ule ule ukifungwa mara ya pili. Hilo nalielewa. Kulielewa hakujanipunguzia hasira hata kijiko kimoja, kwa sababu ofisi ya kuulizia maneno ya vidole iko Thika hapo, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye hoteli yake. Miaka kumi na moja. Walikwenda kwa dalali, kwa wakili, kwa fundi wa saa. Kwenye ofisi hakwenda mtu.

Nilikwenda mimi, nilipotimiza miaka kumi na minane. Na sikwenda kuuliza. Nilikwenda kuchukua kitambulisho ili nikalichukue shamba, lote, kwa kidole cha Guka, niwafukuze mmoja mmoja, nianze na Mbugua, nipige shoka lile sanduku mbele yao. Nilikuwa nimepanga hata shati la kuvaa siku hiyo.

Aliyekuwa akichukua alama alikuwa mama mmoja mnene, mtu wa magharibi mwa nchi kwa lafudhi yake, miwani imefungwa uzi shingoni. Alipitisha rola ya wino kwenye kibao, na ile harufu ikapanda. Aliposhika kidole gumba changu cha kulia nilikivuta nyuma.

"Kijana, ni wino, si sindano."

Sijui ni nini kilichonitoka, lakini nilimwambia yote pale pale kwa pumzi moja, jina, Guka, kioo cha fundi wa saa, kufuli tatu. Watu kwenye foleni walianza kuguna. Nikamalizia kwa kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama kompyuta yao itakataa, maana kidole hicho kilishaandikishwa na mtu aliyekufa.

Hakucheka. Alivua miwani, akanitazama.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Familia."

"Wote?"

"Wote."

Akavaa miwani, akakilaza kidole changu kwenye fomu, akakizungusha taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akakiinua.

"Hakuna watu wawili wenye alama moja," akasema. "Hata mapacha hawana. Jina ulipewa, kidole ulizaliwa nacho. Haya, lete mkono wa kushoto."